Kigoda cha Jikoni na Kiingereza cha Madam

Mwanangu Adhiambo, iko jioni moja ya mvua huko Lambwe ambayo sijaisahau, na tangu uondoke hapa juzi imekuwa ikinirudia. Ulikuja kutoka Rongo macho yamevimba, ukanionyesha kwenye simu jinsi mumeo anavyoandikiana na yule mwanamke wa ofisini kwao. Kiingereza kitupu, tena kwa utani. Neno la mapenzi halimo, wewe mwenyewe ulikubali. Ulisema kinachokuchoma ni kwamba wanachekeshana kwa lugha ambayo wewe unaikanyaga-kanyaga. Halafu ukaniambia umeanza kutafuta misemo ya Kiingereza kwenye simu na kumtumia, na siku hizi yeye anakujibu kwa dole gumba tu. Siku hiyo sikujua nianze kucheka au kulia. Sasa nisikilize.

Nilipoolewa na baba yako nilikuwa msichana wa Mbita aliyeacha shule darasa la saba akaingia kwenye samaki. Kuuza nilijua. Kujibu watu nilijua zaidi. Baba yako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tuliishi Lambwe ndani ya boma la mama yake, marehemu nyanya yako, ambaye aliniita Nyar Mbita, yaani binti wa Mbita, mpaka siku alipofumba macho.

Unajua wanaume wa kwetu hawakai jikoni. Mwanamume akionekana jikoni, wenzake wanamcheka wiki nzima. Lakini baba yako alikaa. Akitoka shuleni, hata viatu hajavua, alikuja moja kwa moja kuketi kwenye kigoda kando ya mlango wa jiko. Mimi natoa samaki magamba, yeye ananipigia soga za siku nzima kwa Kijaluo: mtoto gani amelala darasani, mwalimu mkuu amefoka nini, nani amekuja na viatu vya mkewe. Ndugu zake walisema nimemlisha dawa. Wacha waseme! Nilikipenda kile kigoda kuliko viti vyote vya sebuleni.

Halafu akaletwa pale shuleni Madam Beryl, mwalimu wa Kiingereza. Yawa! Sketi imepigwa pasi, mkunjo umesimama wima, na Kiingereza kinamtoka bila kumeza mate. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa sokoni na beseni langu. Alikuwa anapita na baba yako, wanaongea. Baba yako akasema kitu, wakacheka wote wawili, Madam akamgusa mkono wa shati. Nilikuwa nimemshika ngege mmoja ninayemfungia mteja. Yule mteja akaniambia, "Nyar Mbita, huyo samaki amekufa kitambo. Mbona unamnyonga?"

Usidanganywe kwamba wivu ni utoto. Nilikuwa nalala karibu na mume wangu nikiwaza vile walivyocheka, na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba sikuelewa walichekea nini. Ningejua ni kitu cha kijinga ningelala. Nilimchukia yule mwanamke mpaka nikachukia na sketi zake zikiwa zimeanikwa kwenye kamba.

Basi nikaamua kumfuata hukohuko kwenye Kiingereza. Kwa nani nitajifunza? Kanisani. Wewe unajua kanisa letu la Sabato: mhubiri mgeni akija anahubiri kwa Kiingereza, na mzee wa kanisa anasimama kando yake kutafsiri, sentensi kwa sentensi. Watu wengine walikuwa wanasikiliza habari za wokovu. Mimi nilikaa benchi ya mbele kabisa nikidaka Kiingereza kwa sikio hili na Kijaluo kwa lile, na mhubiri akaniona mama mcha Mungu sana. Mungu anisamehe. Redio nayo nikaifungua kila habari za Kiingereza zikianza.

Nikaanza kukimwaga jikoni. Baba yako ameketi kwenye kigoda chake, mimi namwambia, "Darling, today I am very boring." Nilitaka kusema kwamba nimechoshwa na siku, kumbe nimejitangaza kuwa mimi ndiye ninayechosha watu. Akanitazama kwa mshangao, akanisahihisha polepole. Kesho yake nikamwambia, "Borrow me your shirt, I wash." Akanisahihisha tena, akanieleza kuazima na kuazimisha. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuacha kosa lipite. Nami kila nikisahihishwa nasikia sauti ya Madam ndani yake, napandwa na hasira, nafunika sufuria kwa kishindo.

Hadithi za shuleni zikapungua. Halafu siku moja baba yako akavua viatu kwanza. Halafu akawa anaingia sebuleni kusahihisha madaftari mpaka chakula kiive. Kigoda kikabaki pale mlangoni, kuku akawa anapanda juu yake. Na unafikiri nilielewa? Nilisema, ehe, ndiyo hiyo! Madam amemchukua kabisa. Nikaongeza bidii kanisani.

Mwishowe nikamwalika Madam nyumbani. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilitaka nimwone karibu, na nilitaka baba yako atusikie sisi wawili meza moja. Nikapika ngege wa mchuzi na ugali wa wimbi, nikavaa gauni la harusi ya dada yangu. Mama mkwe naye akaja. Tulipokuwa tunanawa mikono mvua ikaanguka juu ya mabati, mvua ya Lambwe, hata mtu humsikii. Nikaona hapa ndipo pangu. Redioni nilikuwa nimesikia Waingereza wakisema mvua kubwa inanyesha wanyama, nikajiandaa, nikajiweka sawa, nikapaza sauti: "Madam, it is raining dogs and goats!"

Madam akaziba mdomo kwa kiganja. Mama mkwe akauliza, "Amesema nini?" Baba yako, kwa aibu, akamtafsiria kwamba mvua inanyesha mbwa na mbuzi. Yule mama akainuka haraka akaenda mlangoni kuangalia kama mbuzi wake wamefungwa.

Cheka. Siku ile mimi sikucheka. Uso uliniwaka moto. Baba yako akasema taratibu, "Cats and dogs. Ni paka na mbwa." Na hapo ndipo nilipoona kitu. Madam akamgeukia yeye, akamwambia kwa Kijaluo tusikie sote, "Mwalimu, hata hiyo siku hizi watu hawaisemi. Ni ya vitabu vya zamani. Si nilikuambia juzi mbele ya darasa?" Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyokuwa. Lakini nilimwona mume wangu, mwanamume mzima, akiinamisha kichwa juu ya samaki wake. Mpaka Madam anaaga alikuwa bado anachambua miiba.

Asubuhi nilikuwa nasugua sufuria. Mama mkwe akaja jikoni, akamfukuza kuku, akakalia kile kigoda mwenyewe. Nikafikiri ameleta habari za mbuzi.

"Nyar Mbita, una wivu," akasema.

"Mama, umemwona mwenyewe yule mwanamke. Anamchukua mwanao."

"Nimemwona. Anashinda na mwanangu kutwa nzima, na ikifika jioni mwanangu alikuwa anakimbia kuja hapa. Alikuwa anamkimbia nani, na alikuwa anakimbilia nini?"

Nikaendelea kusugua.

"Sasa akifika hapa anamkuta yuleyule. Umemleta Madam jikoni kwako wewe mwenyewe, umemweka mdomoni mwako. Mwanangu aende wapi tena?"

Mwanangu, nililia machozi na majivu pamoja. Sikulia kwa sababu ya kugombezwa. Nililia kwa sababu nilikuwa nimelala miezi hiyo yote nikihesabu alicho nacho Madam, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza nilicho nacho mimi. Kile kigoda Madam hakuwahi kukijua. Mimi ndiye niliyemwachia kuku.

Jioni ile nilikifuta kigoda, nikakirudisha mahali pake. Baba yako alipopita kuelekea sebuleni nikamwambia kwa Kijaluo chetu, "Mwalimu, mbuzi wa mama wamekauka?" Akasimama. Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango, nami nikacheka, kisha akaketi. Ndipo akaniambia yote: jinsi Madam anavyomsahihisha mbele ya watoto, jinsi yeye mwenyewe anavyochekelea ili asionekane ameumia, hata siku ile ya sokoni. Kumbe kile kicheko kilichoninyima usingizi kilikuwa cha kosa lake yeye la Kiingereza! Aliniambia, "Nilikuwa nataka kukueleza tangu zamani, lakini na wewe ulikuwa umefungua shule."

Wivu uliisha? Thubutu! Madam Beryl sasa ni mstaafu kama baba yako, tukikutana Homa Bay ananikumbatia, na bado naangalia mkono wake umeelekea wapi. Lakini sikumruhusu tena kuingia jikoni kwangu. Kiingereza nilikuja kukijua miaka mingi baadaye, wanunuzi wa samaki wa mbali walipoanza kuja Mbita, na niliwaomba wanisahihishe bila kuona haya, kwa sababu hapo nilikuwa nakitaka kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukitaka Kiingereza, kisome. Kuna madarasa ya watu wazima hapo Rongo, nenda, kosea mbele ya mwalimu na wenzako mpaka kikukae. Lakini misemo ya kwenye simu iache. Usimfuate mwanamke wa watu kwenye uwanja wake ukiwa na silaha za kuazima, huku mlango wako umeuacha wazi. Kumbuka mumeo alikuwa akifika nyumbani anakaa wapi, anakuambia nini, anacheka kwa lipi. Hapo ndipo urudi. Na kama akirudi nyumbani bado hana la kukuambia, basi muulize waziwazi, kwa lugha mliyotongozana nayo, wala usimtumie methali za Wazungu.

Baba yako ameketi hapa mlangoni sasa hivi, kwenye kigoda kilekile, tumekitengenezea upya mguu mmoja. Ameuliza namwambia nani maneno mengi hivi. Nimemwambia nakueleza habari za mbuzi. Amecheka tena, mzee huyu, na meno yenyewe yamebaki machache.

Mungu akulindie nyumba yako, Adhiambo. Akupe jiko lisilo na mtihani, na mtu wa kuja kuketi mlangoni kabla hajavua viatu.