Mlango Uangalie Chini

Wilbard alikuwa na sharti moja katika kazi yake ya kuchora ramani za nyumba: hachori nyumba ya kiwanja ambacho hajakikanyaga. Mteja aliyekuja na haraka zake alijibiwa kwamba karatasi haina mteremko. Kwanza waende. Akifika kiwanjani alivua kofia, akazunguka mipaka, kisha akauliza swali ambalo mgeni angeliona la kijinga: "Hapa juu ni wapi?"

Upareni juu ni mlimani na chini ni uwandani, na kila kijiji kina juu yake. Same mjini juu ni mashariki. Ukivuka milima ukatokea upande wa Gonja, juu ni kusini, na uwanda wa Maore umelala kaskazini. Mtu wa huku akikuelekeza dukani hakutajii mkono wa kulia wala wa kushoto. Anakuambia panda, au teremka. Wilbard alizaliwa milimani, akalijua hilo kabla hajajua kusoma.

Sharti lake alilishika miaka yote aliyokuwa mchoraji serikalini, hata ile ya shida, wakati karatasi ya kuchorea ilipatikana kwa kubembeleza na wino ulitiwa maji ili ufike mwisho wa mwezi. Kisha zikaja nyakati za ruhusa ya biashara. Maduka yakajaa vitu, na ofisi zikapunguza watu. Wilbard akapunguzwa. Kwa kiinua mgongo chake alinunua Moshi kompyuta ya mtumba yenye programu ya kuchorea nyumba, akaiweka katika chumba kilicho karibu na stendi ya Same, ambamo mkewe, Irine, alikuwa akiwapigia watu chapa barua zao.

Programu ile ilikuwa na ukaidi wake, naye aliujifunza taratibu, kama mtu anavyojifunza tabia za ng'ombe mpya. Ilifunguka ikihesabu kwa futi. Asiyeiamuru ihesabu kwa mita kabla ya ukuta wa kwanza alijikuta na chumba cha kulala ambacho hata kitanda cha mtoto hakiingii. Paa likigoma kukaa, kosa halikuwa la paa: mahali fulani palikuwa na pembe ambayo kuta zake mbili hazijagusana, ufa usioonekana mpaka uikuze picha. Dirisha likipotea, lilikuwa limewekwa kwenye ghorofa ambayo nyumba haina. Na kila ukuta uliosimama ulipaswa kuhifadhiwa papo hapo, maana umeme wa siku zile ulikuwa mgeni asiyeaga. Wachoraji walimjia kutoka Mwanga na Hedaru na matatizo yao, naye aliwajibu bila kuinua macho: "Usigombane na paa. Tafuta pembe."

Lakini kilichomteka ni kitufe kimoja, ambacho ukikibonyeza unaingia ndani ya nyumba isiyokuwapo. Mlango unajifungua bila sauti. Unapita ukumbini, unageuka, unaona jikoni, na nje ya kila dirisha kuna majani mabichi yasiyojua kiangazi, na mbingu isiyo na vumbi, na mwanga wa asubuhi usiosogea. Humo hapakuwa na mtu aliyepunguzwa kazi. Wilbard aliingia humo asubuhi, akatoka jioni akiwa na macho ya mtu aliyelala mchana.

"Baba Koleta, chai imepoa," Irine alimwambia.

"Niko sebuleni."

"Sebule ya nani? Maana yetu inavuja."

Mwaka mmoja, mvua za masika zilipokuwa zimeanza, waliingia mume na mke wazee. Mume aliitwa Melkizedeki. Alikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge mpaka shamba lilipopata mwenyewe mpya, asiyehitaji makarani wazee. Sasa alitaka kujenga kwenye kiwanja cha ukoo wao, juu ya Gonja. Mkewe, Leticia, aliingia akimshikilia bega. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa moyo, na daktari hakuwa amewaficha ukweli.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Wa kusikilizwa ni huyu," alisema Melkizedeki. "Mimi ni mbeba matofali tu."

"Umebeba lini?" Leticia alimuuliza, akaketi polepole. "Mwanangu, sitaki makubwa. Mlango mkubwa uangalie chini, na jikoni kuwe juu. Nikikaa mlangoni niione Maore. Nimezaliwa pale, na mtoto wangu wa kwanza amelala pale. Miguu hainifikishi tena. Basi macho yanifikishe."

Hakuna aliyekuwapo chumbani ambaye hakuelewa alichotaka. Wilbard naye alielewa. Ila vidole vyake vilikuwa vimezoea nchi nyingine. Alichora hapo hapo, wazee wakisubiri. Aliposikia chini, aliuweka mlango mkubwa upande wa chini wa kioo cha kompyuta. Aliposikia juu, aliweka jikoni upande wa juu wa kioo. Na programu, kwa kuwa haikuambiwa vinginevyo, ikachora pembeni mshale wa kaskazini ukielekea juu, kama ilivyozoea.

Kisha akabonyeza kitufe chake. Nyumba ikasimama. Wakaingia wote watatu, wakapita ukumbini, wakageuka, na mlango mkubwa ukafunguka taratibu. Mbele yao ukatandaa uwanda wa kijani uliokwenda mpaka ukagusa mbingu.

Leticia alinyoosha mkono akagusa kioo. "Maore imekuwa kijani hivi?"

"Mvua imenyesha, mama."

"Na mbuzi wako wapi?" aliuliza Melkizedeki.

"Mbuzi wanauzwa kando, mzee. Nyumba tu ndiyo nimeipata."

Walicheka. Leticia hakutoa mkono wake kwenye kioo kwa muda mrefu, na hakuna aliyetaka kumharakisha.

Walipoondoka, Irine aliuliza, "Gonja utaenda lini?"

"Mvua imekata barabara. Na mimi nimeshafika, Irine. Nimetembea mpaka chumbani kwao."

"Uliingia na viatu?"

Wilbard akacheka. Kwa kicheko hicho sharti lake lilivunjika. Mtu havunji kanuni zake kwa hasira. Huzivunja akiwa amefurahi, siku kazi inapomnyookea. Barabara ilifunguliwa baada ya muda, lakini alikuwa ameshakabidhi ramani, na wateja wengine walikuwa wamepanga foleni ili watembezwe ndani ya ndoto zao.

Fundi aliyejenga aliitwa Elirehema. Alikuwa amefanya kazi na Wilbard tangu enzi za serikali, na kwa Wilbard alijifunza kwamba mshale wa kaskazini ni sheria. Alipotandika kamba za msingi aliona mlango mkubwa unakwenda kusini, kwenye ukingo wa udongo mwekundu uliochongwa mlimani.

"Fundi, hii nyumba imenuna," alisema mmoja wa wachimbaji. "Imewapa watu mgongo."

"Hiyo ni ramani ya kompyuta. Wewe umesomea wapi?"

"Nimesomea hapa hapa kijijini."

"Basi chimba."

Melkizedeki angeliona kosa siku ya kwanza. Lakini alikuwa hospitalini na mkewe, na habari za ujenzi alizipata kwa watu wa basi: msingi umekamilika, kuta zimefika kwenye linta, bati zimepigwa. Kila habari alimpelekea Leticia kitandani, naye alifumba macho akatembea tena ndani ya ile nyumba, ukumbini, akageuka, mlango ukafunguka.

Walifika Gonja mvua za vuli zikinyesha. Vijana wa ukoo walimpandisha Leticia kwa kiti, wakamweka mlangoni kama alivyotaka. Mbele yake palikuwa na udongo mwekundu ukichuruzika maji, na mizizi ya migomba ya jirani ikining'inia.

"Nigeuzeni," alisema.

Wakamgeuza kidogo.

"Nigeuzeni tena."

Wakamgeuza mpaka akaiangalia sebule yake mwenyewe, na nyuma ya sebule ukuta wa jikoni, na nyuma ya ukuta huo, asikoweza kufika, Maore.

Wilbard alipopata habari alipanda basi siku iliyofuata. Alikikanyaga kiwanja kile kwa mara ya kwanza nyumba ikiwa imeshasimama juu yake. Alivua kofia. Hakuwa na haja ya kuuliza juu ni wapi. Mshale ule ungeweza kuzungushwa kabla ya kuchora, kwa amri ambayo hakuwahi kuitafuta, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Alijua dawa ya kila kosa ambalo programu ililalamikia. Hili haikulilalamikia. Paa lilikaa, pembe ziligusana, madirisha yalionekana. Kompyuta haijui mlima, na haikupata kusema kwamba inaujua. Wilbard ndiye aliyeujua, akaacha kuutazama.

Alimkuta Leticia kwenye kiti chake, blanketi miguuni.

"Mama, nisamehe. Nimekupotezea Maore."

Leticia alimtazama kwa utulivu. "Ile nyumba ya kwenye kioo bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Basi ile ndiyo yangu. Hii wakae hawa."

"Mlango tutautoboa jikoni," alisema kwa haraka Elirehema, aliyekuwa amesimama kando, kana kwamba kelele za kazi zingeweza kufuta maneno yale. "Kesho naamka na nyundo."

Lakini upande ule mteremko ulianzia karibu na ukuta, na udongo ulikuwa umelowa. Kuubomoa ukuta katika mvua ile kungelishusha jiko lote bondeni. Ilibidi wangoje udongo ukauke na kingo zijengwe kwa mawe. Nje napo Leticia hakuweza kukalishwa, kwa sababu ya baridi na ukungu. Melkizedeki alikaa karibu naye akimsimulia kilichoonekana kutoka nyuma ya nyumba: ndiva ya kumwagilia mashamba imejaa maji, mashamba ya mpunga yanang'aa, ukungu umelifunika kanisa halafu umelifunua. Leticia alisikiliza akiwa amefumba macho.

Wilbard anaendelea na kompyuta yake. Kitufe kile hambonyezei mtu tena mpaka watakaporudi pamoja kutoka kiwanjani, viatu vikiwa na udongo.

Leo jikoni kwa Melkizedeki kuna mlango mpana, na ukiufungua unaiona Maore yote. Ulitobolewa kiangazi. Leticia alifariki kabla mvua hazijaisha, na Maore hakuiona tena.