Breki mpya mteremko wa Rusumo

Jamani, leo nimekanyaga breki mteremko wa Rusumo, pikipiki ndiyo kwanza ikazidi kukimbia.

Mbele lori limesimama. Nyuma nimempakia mama mtu mzima, rozari mkononi.

Nikaiingiza mtaroni. Tukaangukia nyasi, wazima.

"Mama, nisamehe."

"Nilijua tangu kule juu kwamba breki hazishiki, mwanangu. Nikanyamaza nisikutie hofu."

Brekishuu zenyewe mpya, za kutoka nje, bei chee! Jana tu tumezifunga, mimi na mdogo wangu Deo, kila mtu kwenye pikipiki yake, huku tukizicheka zile anazotengeneza fundi wetu hapa Ngara.

Sasa Deo yuko njiani kuja Rusumo na abiria. Nampigia, hapokei.

Napanda mteremko kwa miguu.

Mlioko barabarani, mkimwona Deo, mwenye koti la njano, msimamisheni angali juu.