Mguu Uliokanyaga Kerezo

Kerezo, mashine ya kuchongea miti, ilifika kwetu Isansa ikiwa vipande vipande, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, imefunikwa majani ya migomba kama mgonjwa asiyetakiwa kupigwa na jua. Mume wangu aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Ilikuja na mashine ndogo ya kutoboa mbao, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo tuliizoea siku ileile. Kerezo ilituringia.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya Tunduma, na vitu viwili: neno "mukwai", alilolibandika mwisho wa kila sentensi kwa heshima za Kibemba, na mguu wa kulia uliovunjwa na jiwe ukaungwa vibaya. Kulima hakuweza tena. Useremala aliujua tangu zamani, na kula kwetu na kuvaa kwetu tulikutegemeza kwenye chuma kile. Kerezo huzungusha mti nawe unauchonga kwa patasi mpaka uwe mviringo, ukapata miguu ya vitanda ambayo mwenye tezo hawezi hata kuiota. Ila ile yetu ilizungushwa kwa kukanyaga.

"Ulinunua ukijua hivyo?" nilimuuliza.

"Nilidhani mguu utazoea, mukwai."

Haukuzoea. Akajaribu kukanyaga kwa wa kushoto, wa kulia ukashindwa kumbeba.

Na baba mkwe alikuwa ameshatoa amri. Ujanani alikuwa mmoja wa wayeyushaji chuma, kabla majembe ya dukani hayajazima matanuri, na enzi hizo mwanamke hakusogelea mahali chuma kinapopikwa. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliipapasa kerezo yote, akanusa mafuta yake, akasema hiki nacho ni chuma kilichopita motoni. Mwanamke akiingia humu karakanani kitapasuka. Mimi sikuweza kumpinga, kwa sababu kwa mila yetu mkwe na baba mkwe hawasemezani. Nikikutana naye njiani nilipisha, macho chini. Akitaka kitu alimwambia mwanawe, naye akaniletea maneno. Tangu niolewe hakuwahi kunielekezea hata neno moja.

Unga ulipokwisha nilichoka na amri. "Funga mlango," nilimwambia mume wangu. Nilikuwa nimejifunza cherehani ya kukanyaga misheni, nikajiambia gurudumu ni gurudumu, nikakanyaga mimi, yeye akashika patasi. Siku ya kwanza lilizunguka kinyumenyume, kipande cha mninga kikaruka kikagonga ukuta, na mume wangu akacheka mpaka akakaa chini. Taratibu tukaielewa. Ilitaka gurudumu lisukumwe kwanza kwa mkono, na mafuta ya nyonyo kabla ya kazi. Mkanda wake ulilegea siku za mvua, tukawa tunaupasha moto jikoni. Kwenye kanyagio palikuwa na kibonde kilichochimbwa na mguu wa mwenyewe wa kwanza, mkubwa mno. Wangu uliingia ukabaki na nafasi. Nilimwaza mtu yule, kama huko kwao mguu wake bado unakanyaga.

Kazi ikishakolea, karakana ilinipotea. Maranda yalianguka laini, harufu ya maua ya kahawa ikaingia dirishani na ukungu wa asubuhi, nami nikawa natembea. Niliteremka mpaka Msangano nilikozaliwa, kwenye joto, nikapita mashamba ya mtama, nikamkuta mama anapepeta. Nilikuwa naenda nyumbani kila siku bila kutoka mlangoni. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Nje, baba mkwe aliweka kigoda chake ukutani akasikiliza. "Mguu wa mwanangu umepona," aliwaambia wapita njia. Mume wangu aliikazia macho patasi. Mimi nilikasirika, nikikumbuka jasho ni la nani. Lakini akijua, karakana ingefungwa, turudi kuombaomba unga kwa ndugu. Nikakanyaga.

Nikakanyaga na mimba pia, polepole zaidi kila mwezi. Nilipojifungua, mume wangu akabaki na kitanda cha watu ambacho hakijaisha. Kutoka chumbani nilimsikia akijaribu mwenyewe: mashine ikashtuka, ikakwama, ikalia, ikanyamaza. Nilitamani kulia.

Ndipo fimbo ya baba mkwe ikagonga ardhi nje ya dirisha langu.

"Mwanangu," alisema. Nilidhani anamwita mume wangu. "Wewe uliyejifungua. Mguu wa mume wako haukuwa na mimba. Nilisikia mashine inavyozidi kuwa nzito, nikajua nani yumo ndani."

Kumbe alijua, na bado aliendelea kuwaambia wapita njia kuwa mguu wa mwanawe umepona.

"Nimekaa pale ukutani nikingoja chuma kipasuke," alisema. "Hakikupasuka. Ukipata nguvu, urudi. Huyu mwenzako anakiumiza. Na boma limenyamaza mno."

Machozi yalinitoka. "Ndiyo, baba," nilijibu, na kwa mara ya kwanza alisikia sauti yangu ikimwendea yeye.

Mtoto alikuwa ananyonya. Nilipotazama chini, mguu wangu, ndani ya blanketi, ulikuwa umeshaanza kukanyaga.