Uji wa Nabintu

Harufu ya uji wa mtama ulioungua kidogo chini ya sufuria hunirudisha Nguba, kwenye bustani ndogo ya wanyama iliyokuwa mteremkoni, karibu na ziwa. Wageni walikuwa wamepungua, na wanyama pia: kasuku wawili wa kijivu, kobe mmoja, na Nabintu, sokwe jike ambaye hakuna aliyejua umri wake. Msimu ule mvua ilinyesha kila alasiri. Nabintu alishinda juu ya gunia lake, vidole vimekunjika, macho yameingia ukungu, meno yamebaki machache. Alikuwa anakufa polepole, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtunza hadi mwisho.

Kazi hiyo ilikuwa ya papa, baba yetu. Maman alikuwa amekufa zamani. Papa alipomfuata, bibi yetu alimchukua Amani, mdogo wetu wa mwisho, akaenda naye Walungu. Mimi, mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule, nikavaa buti za papa nilizozijaza vitambaa, ili Furaha, mdogo wangu wa miaka minane, aendelee kusoma. Hakuna aliyenilazimisha, na sikulia. Ila kila mchana Furaha alipofika getini na sare yake ya bluu na nyeupe, wino vidoleni, nilihisi kitu kikinikwaruza kifuani. Sare ile nilikuwa nimeifua mimi.

Kisha Nabintu akanikataa. Dawa yake ilichanganywa ndani ya uji, na uji kutoka mkononi mwangu hakuutaka. Nilimwosha, nilimbadilishia gunia, nilimkuna mgongo ulipomwasha. Nikimpelekea kikombe, anageuza uso ukutani. Lakini akija Furaha, akashika kikombe kilekile, akainama mbele yake kidogo, mgongo wake umenielekea mimi, Nabintu alikunywa hadi tone la mwisho na kulamba midomo. Tonton Safari, mlinzi wa geti, alilifurahia sana jambo hilo.

"Weye unamupa uji na sura ya polisi," aliniambia. "Nani atakunywa? Hata mie ningekatala!"

Nilicheka naye, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Shule alikuwa nayo Furaha. Sasa hata mnyama niliyemfutia mavi asubuhi na jioni alikuwa wake. Siku moja nilimkuta anamkuna sikio, na Nabintu amefumba macho kwa raha ambayo mimi sijawahi kumpa. Nilishindwa kujizuia.

"Toka. Kuanzia kesho usipite tena hapa. Enda nyumbani, soma!"

Furaha aliweka kikombe chini, akachukua mfuko wake wa shule, akaenda.

Siku ya kwanza Nabintu hakunywa. Ya pili vilevile. Ya tatu alikuja daktari wa wanyama, akamgusa tumbo, akasema kwamba asipokula kufikia kesho yake atamchoma sindano ya mwisho, maana kumwacha afe kwa njaa ni ukatili. Nilimtazama Nabintu. Yeye alikuwa anatazama geti. Ndipo nilipoelewa kwamba namuua kwa wivu wangu. Na hata wakati ule, bado nilimwonea wivu yule aliyekuwa anangojewa.

Nilimkuta Furaha nyumbani, daftari magotini.

"Unamufanyaka nini ule sokwe?"

"Yaya," aliniita, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, "hautanipiga?"

"Sitakupiga. Sema."

"Mi naonjaka mbele." Aliinamisha macho. "Docta alikataza, anaogopa tutamuambukiza magonjwa, njo maana nilikuwa najificha. Lakini papa alikuwa anaonja, anameza, Nabintu anaona, kisha anamupa."

"Nani alikuambia vile?"

"Niliona. Nilikuwaka pale kila siku. Weye ulikuwa ku masomo."

Kwetu, humpi mtu kinywaji kabla hujakionja mbele yake, ajue hakuna sumu. Mimi mwenyewe nilimwonjea Tonton Safari chai yake kila asubuhi. Haikunijia kamwe akilini kwamba sokwe naye angedai heshima hiyo, kwamba papa alikuwa amemkaribisha kila siku kama mgeni. Nikakumbuka jambo jingine: miaka niliyokaa darasani ndiyo miaka ambayo Furaha, kabla hajaanza shule, aliyekuwa hana wa kuachiwa, alishinda na papa kazini. Alikuwa na papa ambaye mimi sikumjua. Wivu wangu haukuisha siku ile. Ulihama tu, ukaingia ndani zaidi.

Kesho yake nilimimina uji wa sufuria moja katika vikombe viwili, ili mdomo wangu usiguse kikombe chake, nikatia dawa katika kile chake. Niliketi mbele ya Nabintu, nikanywa changu taratibu, nikameza, nikafungua kinywa aone. Alinitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. Alipomaliza kunywa, aligeuka tena kuelekea getini, na mimi mwenyewe nikaenda kumwita Furaha. Wiki mbili baadaye Nabintu alikufa, asubuhi moja ya jua, mimi upande huu, Furaha upande ule. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Furaha.

Leo pale pana nyumba za ghorofa. Furaha ni mwalimu Bagira, watu humsalimia kwa cheo chake. Mimi nauza uji kando ya barabara, na buti za papa, ambazo sasa zinanitosha, ziko chini ya kitanda. Jumapili Furaha akija, namimina uji, naonja mbele yake, nampa. Kisha namwomba anihadithie papa: alivyoimba akifagia, alivyomtania Nabintu, alivyopiga chafya juani. Furaha anasimulia akicheka, na kitu kilekile kinanikwaruza kifuani kama zamani. Anapoishia namwongezea uji, hata kama hajaomba, ili asiondoke.

"Sema ingine," namwambia.