Chumba Nilichokiita cha Kupumzika

Siwapendi watu wanaosema kwa sauti laini. Nesi wa ile wodi ndogo ya wagonjwa wa akili, huku ziwani, alikuwa wa namna hiyo, na neno lake laini kuliko yote nilimfundisha mimi.

Nilikuwa mkalimani. Manesi walisema Kibemba na Kiingereza, wagonjwa kutoka kambi yetu ya wakimbizi ya Mantapala walisema Kiswahili cha Kongo, nami nilikaa katikati. Wiki ya kwanza nesi huyo aliniagiza nimweleze baba mmoja kwamba kijana wake atafungwa mikono kitandani na mlango utatiwa kufuli. Yule baba alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Ulimi ukanishinda.

"Papa," nilimwambia, "batamupumuzisha kidogo."

Akanishukuru, akaondoka akidhani mwanawe analala.

Baada ya hapo sikujirekebisha. Stoo ya zamani ya magodoro, yenye mlango wa chuma, nikaiita chumba cha kupumzika. Wagonjwa waliwafunga kwa kamba ya nailoni, ile ile ya kuvutia nyavu, inayouzwa sokoni ufukweni. Nilijua inavyowakata wavuvi viganja, na wavuvi wana sugu. Nilijua, na bado nikatafsiri. Nesi alilipenda neno langu, akawa analisema mwenyewe bila kunisubiri.

Halafu mama yangu akaugua. Siku kadhaa hakulala, akawa anagombana na marehemu baba na kutupa masufuria nje. Mimi nilikuwa kijijini Puta kununua samaki wa kuuza, kwa hiyo kaka yangu ndiye aliyempeleka wodini. Niliporudi nilikwenda huko moja kwa moja, mchana wa jua kali, kikapu cha samaki kichwani. Nesi alinipokea kwa tabasamu.

"Ba dada, musiogope. Mama anapumuzika."

Alilitamka vizuri kabisa. Nilitamani kumpiga na kikapu.

"Fungua mulango," nilimwambia.

Alinijibu kwa Kibemba kwamba mama amemng'ata nesi mwenzake, kwamba wako wawili tu kwa wodi nzima, na kwamba mimi naujua utaratibu kuliko ndugu wa mgonjwa yeyote. Sikatai, walikuwa wawili tu. Nilimchukia hata hivyo, na mpaka leo namchukia. Lakini hilo la mwisho lilinichoma zaidi kwa sababu lilikuwa kweli. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Kijana wa yule baba nilimwacha ndani nikaenda kula.

Nikaketi mbele ya ule mlango na kikapu changu, nikasema siondoki. Nesi alifungua baada ya saa nzima, wala si kwa huruma. Samaki walikuwa wameanza kunuka.

Mama alikuwa sakafuni, mikono imefungwa mbele, midomo imekauka. Fundo lilikuwa limekaza, nikalifungua kwa meno.

"Nilibaomba mayi ya kunywa," alisema. "Balisema tu, pumuzika."

Kazi ile niliiacha siku hiyo hiyo. Watu wa kambini wakanisifu kwamba nimeiacha kwa ajili ya mama, nami nikawaacha wanisifu. Neno lilitoka wapi sikumwambia mtu, na yeye mama hajui.

Sasa anakunywa dawa zake, analala, analima karanga nyuma ya nyumba. Wiki iliyopita nilimkuta shambani tangu asubuhi, jasho linamtiririka, hajala kitu. Nikamwonea huruma.

"Mama, inatosha. Pumuzika."

Aliliweka jembe chini. Akanigeukia, akakutanisha viganja vyake, akaninyooshea mikono yote miwili nimfunge.