Maswali Kabla ya Kidonge cha Kwanza

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anashona. Nasema anashona kwa mazoea tu, kwa sababu mwaka ule alikuwa hashoni tena. Cherehani ilifunikwa kwa kitenge, na juu ya kitenge mtu akaweka sufuria, kisha sahani, mpaka ikawa meza kama meza nyingine. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa, hawezi kushika mkasi, hawezi kufunga vifungo vya nguo. Nilikuwa nikitoka kwangu mapema, napita kwake kumvalisha, ndipo naenda kuchota maji ya nyumba mbili. Yeye ni mkubwa wangu, amenilea. Hakupenda nimvalishe, nami nilichoka, lakini hatukuwa tukiyazungumza hayo.

Zahanati ya Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, ilimpa dawa za maumivu hadi tumbo likaanza kumchoma. Mwisho wakatuandikia kwenda hospitali kubwa ya Lilongwe. Huko daktari mmoja, kijana mwenye sauti ya taratibu, alimminya vidole kimoja kimoja, akampima damu, na tuliporudi mara ya pili akatueleza. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, maana yaya hasikii Kiingereza, na Chichewa chake ni cha sokoni.

Daktari alisema mwili una walinzi wa kupigana na magonjwa. Wa yaya wamechanganyikiwa, wanavishambulia viungo vyake wenyewe.

“Kama basoda ba kule kwetu,” yaya akasema. “Banaibia bantu benye bangepashwa kulinda.”

Daktari akauliza amesema nini. Nikamwambia. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema kwamba iko dawa ya kuwatuliza walinzi hao. Haimalizi ugonjwa, lakini inauzuia usiendelee kula mifupa. Ila dawa hiyo haichagui. Inapowatuliza walinzi wabaya inawatuliza na wazuri, na kwa hiyo kabla ya kuianza lazima ajue ni magonjwa gani yamejificha ndani. Akavuta kibodi karibu, akaanza kuuliza.

Hapa inafaa nieleze jambo kuhusu sisi. Tangu tuvuke mipaka tumeulizwa maswali na watu wengi wenye kompyuta. Ulitoka wapi, ulikimbia na nani, nani alikufa na alikufaje, una ugonjwa gani. Watu wa kambini wakafundishana namna ya kujibu: jibu fupi, na usibadilishe neno. Kuna mama mmoja kwenye bomba la maji hutania kwamba ukisema leo una watoto wanne, mwakani sema wanne tu, hata kama umezaa. Tunacheka, lakini kila mmoja ana majibu yake ameyakunja vizuri kichwani kama nguo ya kanisani.

Kwa hiyo daktari alipouliza kama yaya ana kikohozi, yaya alijibu, “Hakuna.” Jasho la usiku? Hakuna. Kupungua uzito? Hakuna. Macho kugeuka manjano, ugonjwa wa ini? Hakuna. Dawa za miti shamba? Hakuna, na wakati huo mikono yake ilikuwa inanuka majani aliyojipaka asubuhi. Pombe? Hakuna, na hiyo ilikuwa kweli. Akaulizwa kama anaweza kupata mimba, kwa sababu dawa ingemdhuru mtoto tumboni.

“Umwambie butiki ilishafungwa,” yaya akasema.

Daktari akacheka tena. Akauliza malaria.

“Hakuna.”

“Malaria hakuna? Hapa Malawi?” Akanigeukia. “Mimi nimeugua juzi tu. Mama huyu ana afya kuliko mimi. Tubadilishane viti.”

Kisha akaacha utani, akauliza taratibu kama yaya amewahi kutibiwa kifua kikuu, au kuishi nyumba moja na mtu aliyekuwa nacho.

“Hakuna,” yaya akasema, bila hata kupumua katikati.

Nilibaki na lile neno mdomoni. Baba yetu alikohoa karibu mwaka mzima katika chumba cha nyuma, kule Bukavu. Mimi nilipelekwa kwa shangazi nisije nikaambukizwa. Yaya ndiye aliyebaki, akampikia, akamnawisha, akalala mlangoni mwake. Kila mtu wa ukoo alijua ni kifua kikuu.

Nimetafsiria akina mama wengi zahanati. Kanuni yake ni nyepesi kuisema na nzito kuifuata: unapeleka kilichosemwa, huongezi, hupunguzi. Nikasema, “Anasema hakuna.” Halafu nikaomba ruhusa nitoke naye kidogo, nimweleze kwa nini anaulizwa hayo. Daktari akaangalia mlango, ambako foleni ilikuwa imeshikana mabega, akasema twende tu, atamwita mwingine kwanza.

Tulikaa kwenye benchi la korido.

“Yaya, baba alikohoa.”

“Baba alikufa ya moyo. Njo vile tuliandikisha.”

“Kule kwa ofisi ya wakimbizi tuliandikisha. Hapa haiko interview.”

“Huyu iko na kompyuta?”

“Iko nayo.”

“Anauliza, anaandika?”

“Njo.”

“Basi iko interview.”

Nilijua anachokiogopa. Faili lake la kuhamishiwa nchi nyingine limekaa miaka, na ndani yake wamo watoto wake wote. Kambini watu husimulia familia iliyoachwa nyuma kwa sababu ya mapafu ya mtu mmoja. Kama ni kweli ama si kweli, mimi sijui, lakini hadithi ya namna hiyo haihitaji kuwa kweli ili ikunyime usingizi. Yaya hakuwa anamdanganya daktari kwa ubaya. Alikuwa anawalinda watoto wake kwa namna aliyofundishwa.

Nikamwambia afikirie mbabula yetu, jiko letu la makaa. Jioni tunafunika makaa kwa majivu. Ukiangalia unaona moto umekufa, lakini asubuhi unafukua, makaa yako mekundu. Ugonjwa wa baba unaweza kukaa kifuani hivyo hivyo miaka na miaka, haumkohozi mtu, haumtoi jasho, kwa sababu walinzi wa mwili wameufunika. Kidonge hiki kitaondoa majivu. Na ukiwaka, hautakuwa wake peke yake. Watoto wanalala chumba kimoja naye.

“Aah. Mwalimu ameanza,” akasema. Ndivyo anavyoniita nikizidisha maneno.

“Nimeanza, na simalizi mpaka unielewe.”

“Nimeelewa zamani. We unafikiri mi niko mujinga?” Akatazama vidole vyake. “Na bakipeleka kule, kwa faili?”

“Sijui, yaya. Tutamwuliza mwenyewe.”

Sikutaka kumwahidi kitu nisichokijua. Watu wengi wametuahidi vitu.

Tuliporudi ndani nilimwuliza daktari waziwazi: haya anayoandika yanakwenda wapi? Hakukasirika. Alisema anaandika kwa ajili ya wanaomtibu, hapeleki karatasi kwa ofisi yoyote ya safari. Kisha akaongeza jambo ambalo nilimtafsiria yaya neno kwa neno: siku akipimwa na daktari mwingine kwa ajili ya kusafiri, huyo atapiga picha ya kifua mwenyewe, na picha haiulizi mtu alijibu nini. Ni afadhali imkute amekwisha kutibiwa kuliko imkute mgonjwa.

Nje mtu alikuwa anaita majina ya foleni, moja baada ya jingine.

“Umwambie mi mwenyewe nilikunywa,” akasema.

“Ulikunywa nini?”

“Dawa ya kifua. Nyuma ya baba kufa. Nilikuwa natapika damu kidogo kwa kitambaa. Nikakunywa mpaka vita ikaingia muji, tukakimbia, nikaziacha kwa meza. Sikumaliza.”

Daktari alikuwa ananingoja. Nilikuwa mtoto wakati ule. Nilimkumbuka yaya akitembea mbele yangu njiani na godoro kichwani, akisimama kila mara kupumzika, nami nikimlalamikia kwamba anatuchelewesha. Hakuna aliyeniambia. Nikakusanya Kiingereza changu, nikayapeleka yote kama alivyoyasema.

Daktari aliacha kuandika. Akamwambia kwa Chichewa, “Zikomo, amayi. Zikomo kwambiri,” yaani asante sana, mama. Akatueleza kwamba leo hatampa kile kidonge. Kwanza apimwe makohozi, apigwe picha ya kifua, damu ipimwe kwa ajili ya ini, homa ya ini na virusi vya ukimwi, kila kimoja kwa sababu yake: ini kwa kuwa dawa hii hupita humo na inaweza kulichosha, hayo mengine kwa kuwa yanaweza kupata nguvu walinzi wakishapunguzwa. Na kama kuna majani anayokunywa, aache. Kama kuna chanjo ya kupata, aulize kabla, maana ziko chanjo zenye vijidudu hai ambazo hazifai ukishaanza.

Yaya katika hayo yote alisikia neno moja, kwamba si leo.

Tuliposhuka kituo cha Lumbadzi kungoja gari la kambini, jua lilikuwa kali na vijana wa kabaza walituzunguka na baiskeli zao za kubeba abiria wakidhani tunakwenda karibu. Yaya akawafukuza kwa mkono, mkono ukamuuma.

“We ulitaka niseme,” akaniambia. “Nimesema. Sasa vidole?”

Akapanda gari akishika mlango kwa kiwiko.

Miezi iliyofuata naikumbuka kama siku moja ndefu. Makohozi yalikuwa safi. Picha ilionyesha kovu la zamani juu ya pafu la kulia. Daktari alishauriana na wenzake wa kifua kikuu, wakaamua aanze na dawa ya kuzuia, ili kile alichokiacha mezani Bukavu kisije kumfuata. Damu ya ini ikapimwa tena, kwa sababu hata dawa hiyo ya kuzuia hulitazama ini kwa jicho baya. Kwa vidole vyake akapewa cha kutuliza tu, kinachosaidia mpaka saa sita mchana. Mimi nikaendelea kupita asubuhi. Kuna asubuhi aliivuta nguo mikononi mwangu akasema ataivaa mwenyewe, nikaketi kitandani nikamngoja, na baada ya muda mrefu akanigeuzia mgongo nimfunge. Kuna asubuhi na mimi nilitamani ningalinyamaza kule kwa daktari, kidonge kikaanza, nikalala hadi jua litoke.

Naandika hili kwa ajili ya wewe ambaye labda unangoja dawa ya namna hiyo, au una mtu wako anayengoja. Kungoja huko kunachosha, na anayekwambia hakuchoshi hajawahi kungoja. Lakini si hospitali inayokuzungusha bure. Uliza kila kipimo ni cha nini. Una haki ya kuelezwa mpaka uelewe, na ukieleweshwa, kuchoka kunabebeka.

Siku moja daktari alitufundisha namna ya kumeza, kabla hata hajatoa dawa. Mara moja kwa wiki, siku ileile, si kila siku. Alirudia hilo mpaka yaya akaniuliza kama anamwona kiziwi. Wapo waliokosea, wakameza kila siku kama vidonge vingine, wakaingia hatarini. Yaya alichagua Alhamisi, kwa sababu Jumamosi ni ya kufua na Jumapili ni ya kanisa, na mpaka leo ndiyo siku yake. Daktari akaongeza: homa ikimpata, au kikohozi, au kidonda kisichopona, asingoje kuona kesho kutakuwaje. Aje.

Tukapangiwa siku ya kuanza. Yaya alivaa kitenge chake kizuri. Majibu yote yalikuwa mezani na yote yalikuwa mazuri, daktari alikwisha kushika kalamu kuandika dawa. Akauliza, kwa desturi tu, kama kuna lolote jipya.

Nilifungua mdomo kutafsiri. Yaya akanitangulia, kwa Chichewa chake cha sokoni, akimwonyesha shavu. Jino la nyuma. Linauma tangu juzi, usiku linatoa maji machungu.

Mimi sikulijua jino hilo. Daktari alimwambia afungue mdomo, akamulika, akalaza kalamu. Palikuwa na usaha. Hawezi kumpunguzia walinzi na usaha mdomoni. Jino kwanza, halafu arudi.

Nilitaka kumwuliza kwa nini leo, baada ya yote, hakusubiri kesho kulisema. Nikamtazama. Alikuwa anafunga kilemba chake taratibu, kwa viganja, bila vidole.

“Usiniangalie hivyo,” akasema. “Njo we ulinifundisha.”

“Sijasema kitu.”

“Umesema na macho. Ulizia mlango ya meno iko wapi.”

Nikauliza. Ulikuwa upande wa pili wa jengo, na foleni yake ilianzia nje. Tukatafuta pa kukaa.