Gia Moja Mpaka Faza

Kama hujawahi kusimama upande wa upepo wakati mashua inapakwa sifa, shukuru. Sifa ni mafuta ya maini ya papa. Maini huachwa juani mpaka yayeyuke, kisha mbao hupakwa mafuta hayo ili maji yasipenye, na harufu yake hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa mara tatu. Nimewahi kuhesabu. Wageni huziba pua wakaharakisha mwendo. Mimi husimama, huvuta pumzi, na papo hapo huwa nina miaka kumi na mitatu, nasukuma baiskeli, na nyuma yangu wananifuata paka wanane.

Baiskeli yenyewe ilitoka Kiwayu. Ami Shee, kaka yake baba, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya huko, na wenyewe walipochoka kuitazama ikiliwa na chumvi walimpa aiondoe. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye tairi pana za meno na gia kumi na nane, kitu cha kuchekesha katika kisiwa kama Pate ambacho hakina mlima hata mmoja. Ami aliileta kwa mashua mpaka kijijini kwetu, mwendo mfupi kutoka Chundwa, akamwachia baba. Baba aliijaribu mara mbili, akasema inamkunja magoti, akaiegemeza ukutani. Hapo nikaichukua mimi.

Sikuichukua kwa kucheza. Skuli ya kijiji chetu wakati ule iliishia darasa la sita. La saba lilikuwa Faza, saa moja na nusu kwa miguu kwenye mchanga, kwenda tu. Wasichana wawili walionitangulia waliacha kabla ya mvua za kwanza. Lakini bomba la juu la baiskeli ile lilikuwa limeinama, si kama zile nyeusi nzito za wanaume, na msichana aliyevaa buibui aliweza kuipanda bila kuinua mguu mbele za watu. Nilitambua hilo siku ya kwanza, na sikumwambia mtu.

Kwa muhula mmoja ilinifikisha. Kisha mnyororo ukaanza kulia, gia zikawa zinaruka zenyewe, na breki ya nyuma ikawa pambo. Baba aliipeleka kwa Fundi Mutua, Mkamba aliyekuwa na kibanda cha baiskeli pale Faza. Fundi aliizunguka mara moja, akajifuta mikono.

"Mzee, hii ukitaka iwe sawa, uagize gia mpya, mnyororo mpya, breki mpya, yote kutoka Mombasa. Ukimaliza utakuwa umelipia baiskeli nyingine, na bado utabaki na hii kuukuu."

Maneno hayo yalimfurahisha sana Ami Shee, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Siku ile ile, kwenye baraza, alitoa shauri lake. Yeye angechangia, baba angechangia, wanunue baiskeli mpya nyeusi, ivushwe kutoka Mokowe, upande wa bara. Itabeba magunia mawili ya nazi, itadumu miaka ishirini. Hii ya Kiwayu itupwe.

"Na mimi?" niliuliza kutoka mlangoni.

"Nawe nini?"

"Ile nyeusi sitaweza kuipanda."

"Kwani nani asemile utaipanda wewe?" Ami alicheka, na baba akatazama chini. "Mwana huyu! Ya kubebea nazi ile."

Nilimjibu kwa methali. Nilimwambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Kwetu methali ni mali ya wakubwa, mtoto huzipokea, hazirudishi. Mama, aliyekuwa ndani akikuna nazi, aliacha kukuna.

"Musa," Ami alimwambia baba taratibu, "binti yako ana ulimi."

"Ana," baba alisema.

Nilitaka kuwaonyesha upesi kwamba baiskeli ni nzima, na hapo ndipo nilipokosea. Nilijiambia: mashua ya baba inalindwa na nini dhidi ya chumvi? Sifa. Basi na mnyororo ulindwe na sifa. Niliteka kibuyu kidogo kutoka kwenye debe la baba, nikapaka mnyororo, gia, ekseli na hata waya za breki, nikajiona nina akili kuliko Fundi Mutua. Asubuhi iliyofuata paka wa kijiji walikuwa wameizunguka kama wamealikwa. Walinifuata mpaka nje ya mji, wengine wakijaribu kuilamba. Hilo lingevumilika. Lakini sifa hukauka ikawa ngozi ngumu, na ndiyo kazi yake kwenye mbao. Juu ya mnyororo ilishika mchanga wa njiani, ikakauka nao, na siku ya tatu mnyororo ulisimama mgumu kama ukuti mkavu. Nilirudi nyumbani nikiisukuma, na paka walikuwa bado wananisubiri.

Ami alicheka mpaka akakaa. "Baiskeli ya papa! Mtieni ndimu!" Kwa siku kadhaa watoto walinipigia kelele za ndimu kila nilipopita.

Baba alitoa hukumu. "Jumamosi. Ikifika Faza na kurudi bila kubebwa, itasalia. Isipofika, tutanunua mpya, na maneno yaishe." Nilielewa sawasawa maana ya maneno kuisha. Mwalimu angefuta jina langu, nami ningebaki nyumbani.

Nilikuwa na siku nne. Nilitandaza mkeka mkuukuu uani, nikaifungua baiskeli yote, kila kipande nikakichora kwenye daftari kabla ya kukiweka chini, nikakipa namba ili nijue kinarudi wapi. Bado nafanya hivyo kwa mashine za watu ninazotengeneza, na sijawahi kubakiwa na skrubu. Sifa iliyokauka haikutoka kwa maji wala kwa sabuni. Mama alinitazama nikikwangua kwa kisu, akaingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya taa, yote iliyokuwepo.

"Twaa," alisema. "Yeo tutalala mapema."

Baada ya kusafisha nilikagua meno ya gia kwa kidole, moja moja. Nyuma zilikuwa sita, na tano zililika. Ya nne tu ilikuwa na meno kamili. Nilikaa nayo muda mrefu. Fundi alisema niongeze vipya, Ami alisema nitupe vyote. Hakuna aliyesema nipunguze. Nikaondoa waya za gia, nikaondoa kichuma kinachohamisha mnyororo, nikatoa pini za mnyororo kwa msumari na jiwe, nikaufupisha mpaka ukapita kwenye ile gia ya nne peke yake. Nikarudisha gurudumu nyuma kidogo likakaza. Mafuta safari hii yalikuwa ya cherehani ya jirani, matone machache.

Jumamosi Ami alisisitiza kunifuata ili awe shahidi, akaazima punda. Punda yule hakuwa na haraka na mambo yetu. Mara mbili ilinibidi nisimame nimsubiri shahidi wangu. Tulipofika penye mchanga mzito nilishuka nikasukuma.

"Ushashuka!" Ami alipiga kelele. "Haya, turudi, ushashindwa!"

"Baba alisema isibebwe, hakusema isisukumwe. Hata hiyo mpya yako ingesukumwa hapa."

"Ulimi huo utakuponza."

"Ndoo basi, ami," nilimwita, "punda wako asije akalala."

Mnyororo ulitoka mara moja, karibu na mikoko. Niliurudisha kwa vidole, nikakatwa kidole cha shahada, nikapanda tena kabla Ami hajafika. Pale Faza, Fundi Mutua aliinama, akatazama nyuma ya gurudumu.

"Gia ziko wapi?"

"Nimezitoa."

"Zote kumi na nane?"

"Nimebakiza moja."

Alimtazama Ami juu ya punda, akanitazama tena. "Hiyo moja inatosha kisiwa hiki," alisema. Tulirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, mimi mbele.

Nilimaliza darasa la saba na la nane kwa gia ile moja. Haki isemwe: kwa hesabu ya vyuma, Ami alikuwa sahihi. Katika miaka hiyo miwili mnyororo ulikatika mara kumi na moja. Ile nyeusi aliinunua hatimaye, na ilibeba nazi bila kulalamika miaka mingi.

Nilichoelewa nikiwa mtu mzima ni kitu kingine. Katika siku zile zote, mimi wala wao hatukulitaja neno skuli hata mara moja. Tulibishana juu ya gia, meno na magunia. Nadhani nilijua, bila kujua kwamba najua, kuwa juu ya msichana na skuli walikuwa na majibu tayari, yamepangwa tangu kabla sijazaliwa. Juu ya mnyororo hawakuwa na jibu. Nikapigana pale ambapo ningeweza kushinda. Sijutii, ila naona ilivyonigharimu: mtoto alilazimika kuwa fundi ili aruhusiwe kuwa mwanafunzi.

Mwaka jana wanaume wa ukoo walikaa kuzungumzia safari za mpwa wangu wa kike, anayeanza sekondari. Wakaanza palepale: pikipiki ni ghali, baiskeli ya kakake imechakaa, itengenezwe au inunuliwe nyingine, na kama haiwezekani, basi. Waliponigeukia, wakijua nashika spana, niliwaambia sitatoa shauri la fundi kwanza.

"Mtoto ataenda skuli," nilisema. "Hilo limekwisha. Sasa nileteeni hiyo baiskeli niitazame."